Pengo la Milioni Mbili

Fernande Bolduc alikaa miaka thelathini na minne kwenye ghorofa ya tatu ya nyumba ya mbao, mtaa wa viwandani, katika mji wa Rivard, jimbo la Maine. Hapo ndipo alipoletwa akiwa bi harusi, hapo alimlea bintiye Renée, na hapo alimuuguza mumewe Rosaire mpaka pumzi ikamwishia. Hakuna aliyemfukuza. Mwenye nyumba wa zamani aliuza, mnunuzi akawa mtu wa mbali ambaye hakuna mpangaji aliyewahi kumwona, na barua ikaja kwamba kodi itapanda mara mbili kuanzia mwezi wa pili. Fernande aliisoma mara tatu, akaikunja, akaenda kutafuta maboksi.

Renée alimchukua. Aliishi yeye na mumewe na watoto wawili mwendo wa dakika arobaini kwa gari, kwenye nyumba iliyozungukwa na misonobari, na chini yake kulikuwa na chumba chenye zulia jipya na choo chake. "Mama, hapa ni kwako," Renée alisema, na alisema kwa moyo wake wote. Fernande alishukuru. Lakini asubuhi akiamka alikuwa akitega sikio, akingoja mtu akohoe upande wa pili wa ukuta, akingoja mlango wa chini ubamizwe, mwanamke amwite mwenzake ngazini kwa kile Kifaransa cha nyumbani walichoachiwa na mababu waliotoka Quebec. Hakusikia kitu. Jirani wa karibu alikuwa nyuma ya miti, na hata kumwona ilitaka bahati. Maneno yalimjaa mdomoni, hana wa kumpa.

Bado alikuwa mpishi wa jiko la shule mjini Rivard, kwa hiyo kila siku alirudi. Kazi ikiisha saa nane hakwenda moja kwa moja nyumbani kwa Renée. Alipita mtaani, akaegesha gari karibu na mto, akakaa ndani yake na koti lake la baridi mpaka magotini, akila mkate na kuangalia watu wakipita. Wengine aliwajua. Wakimpungia mkono alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, asije akaulizwa anafanya nini pale.

Aliyemgundua ni Nénette Pomerleau. Hao wawili walikuwa marafiki tangu wana miaka sita, walipokaa dawati moja kwenye shule ya masista. Nénette alishona viatu kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, na sasa alipanga chumba kimoja juu ya gereji ya matairi, mahali ambapo kikombe hutetemeka mezani mashine zikiwashwa. Siku moja aligonga kioo cha gari.

"We Fernande, unapeleleza nani?"

"Nimepumzika tu."

"Mtu hupumzika kwenye gari kama mlinzi wa benki? Shuka. Jioni kuna mkutano chini ya kanisa. Wanataka kuigeuza shule yetu iwe nyumba za kupanga."

Shule ya masista ilikuwa imefungwa miaka kumi na minane, madirisha yamepigwa mbao, njiwa wamejaa. Waliokuja kwenye mkutano hawakufika thelathini. Mbele alisimama mwanamke mwembamba aliyejichomeka penseli kwenye nywele, jina lake Maura Keating, wa shirika la hisani la kujenga nyumba. Alisema zitakuwa nyumba thelathini na sita, za watu wa kipato cha chini. Mtu akauliza pesa zitatoka wapi, serikali itatoa?

"Serikali haitupi pesa mkononi," Maura alisema. "Inatupa nafuu ya kodi. Sisi ni shirika la hisani, hatulipi kodi, kwa hiyo nafuu yenyewe haitufai. Lakini benki yenye faida kubwa inaitaka sana. Inatupa pesa leo tujenge, halafu miaka kumi mfululizo inapunguziwa kodi yake."

Nénette aliinua mkono. "Kodi ipi, binti yangu? Ya nyumba au ya serikali? Maana mimi zote zinaniua."

"Ya serikali. Na kwa kuwa pesa ya benki si mkopo, hatuna deni kubwa la kulipa. Hapo ndipo kodi ya nyumba inaposhuka. Na sheria inataka ibaki chini kwa miaka mingi."

"Kwa hiyo tajiri anapunguziwa yake ili na mimi nipunguziwe yangu."

"Umeelewa haraka kuliko madiwani."

Watu walicheka. Fernande hakucheka. Alikuwa akiangalia mchoro uliobandikwa ukutani, akitafuta darasa lao la zamani, lile la dirisha refu upande wa mto. Usiku ule alimweleza Renée kwamba amejiandikisha kusaidia, akaona uso wa bintiye umebadilika kidogo.

"Kwani hapa kuna nini, Mama?"

"Hapa hakuna ubaya."

"Sicho nilichouliza."

Fernande alikusanya vikombe, akaenda kuviosha.

Nafuu hizo hazikuwa za kila anayeomba. Jimbo lilipewa fungu lake kila mwaka, na mashirika yaliligombania. Maombi yalipewa alama kama mitihani ya watoto. Mwaka wa kwanza Rivard ilishindwa kwa alama moja na nusu. Maura alikuja mwenyewe kuwaambia. Alama mbili, alisema, zilitolewa kwa kuwa na duka la vyakula karibu, na duka la Gosselin lilikuwa limefungwa mwezi wa tano.

"Tumekosa nyumba thelathini na sita kwa sababu Gosselin amechoka kuuza mikate?" Fernande aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi angetuambia! Ningemuuzia mimi."

Mwaka wa pili walijaza tena. Fernande alizunguka na karatasi za sahihi milango mia mbili na kumi, Jumamosi baada ya Jumamosi, theluji ikimwingia kwenye buti. Alipanda ngazi alizozijua kwa miguu hata akifumba macho. Kwenye nyumba nyingine alifunguliwa na wageni wasiojua Kifaransa hata neno, watu wa Angola na wa Kongo waliokimbilia huko, nao walimkaribisha chai na kusaini, kwa sababu nao walilala saba katika vyumba viwili. Mwezi wa kumi na mbili Maura alipiga simu akipiga kelele kama mtoto. Wamepata.

Furaha ile ilidumu wiki tisa. Mkandarasi alipoleta hesabu mpya, mbao zilikuwa zimepanda, mafundi wamepanda, na paa la shule limegundulika kuoza. Pesa ya benki na mkopo mdogo waliouweza havikutosha. Lilibaki pengo la dola milioni mbili.

"Milioni mbili!" Nénette alisema, akionyesha ufizi. "Mimi nina pengo moja tu hapa, na mwaka wa nne huu limenishinda kuziba."

Nafuu ya kodi ilikuwa na muda wake: jengo lisipokamilika kufikia tarehe iliyowekwa, inarudi jimboni na wanaanza upya. Maura alikonda zaidi. Alienda kwenye mfuko wa nyumba wa jimbo, akapata sehemu. Akaomba ruzuku kwa benki zinazokopesha benki nyingine, akapata sehemu. Kanisa likakubali kushusha bei ya jengo. Pengo likapungua mpaka laki nne, na laki nne hizo zilibidi zitoke kwa baraza la mji.

Siku ya baraza Fernande alivaa gauni alilolivaa kwenye mazishi ya Rosaire, kwani hakuwa na jingine la heshima. Diwani mmoja, mwanamume mnene mwenye tai nyekundu, alisema haoni kwa nini walipa kodi wa Rivard wawajengee watu wengine mahali pa kulala. Mwenyekiti akamwita Fernande. Karatasi aliyoiandika akaiweka chini.

"Diwani, mimi nilikupikia chakula cha mchana miaka sita. Ulikuwa hupendi karoti. Hata siku moja hukuniuliza kwa nini nikupikie."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye diwani akacheka, amekuwa mwekundu kama tai yake. Fernande akangoja watulie.

"Siombi kujengewa. Kodi nitalipa, nimelipa maisha yangu yote. Naomba mahali ambapo nikianguka jikoni, kuna mtu atasikia kishindo. Naendesha gari dakika arobaini kila siku kuja kuwapikia watoto wa mji ambamo mimi mwenyewe siwezi kulala. Ni hayo tu."

Madiwani watano walikubali, wawili walikataa. Mwenye tai nyekundu alikuwa miongoni mwa watano.

Ujenzi ulichukua miezi kumi na sita. Fernande aliona mbao zikibanduliwa madirishani, njiwa wakitoka kwa hasira, vioo vipya vikiingia. Ili awe na akiba ya kuanzia, ya kitanda na meza na malipo ya kwanza, alichukua kazi ya wikendi, kufagia na kupiga deki kwenye kliniki ya meno. Mgongo ulimuuma, lakini kila Jumapili jioni alijiambia, hiyo ni miguu ya meza.

Maombi ya wapangaji yalipofunguliwa, alikuwa wa tano kwenye foleni. Wiki mbili baadaye Maura alimwita ofisini na kufunga mlango. Penseli haikuwa kwenye nywele. Aliishika kwa mikono miwili.

"Kipato chako kimepita kikomo."

"Kimepita vipi? Mimi?"

"Mshahara wa shule, na pensheni ya mumeo, na kliniki. Kimepita kwa dola mia sita na kumi na mbili kwa mwaka."

"Si uandike tofauti kidogo, Maura. Mia sita ni kitu gani?"

"Nikiandika uongo, ile nafuu ya benki inaweza kunyang'anywa. Sijui nitawaangaliaje wenzako thelathini na sita." Macho yake yalijaa. "Nisamehe, mama."

"Kliniki nitaacha leo."

"Acha, na ulete barua. Lakini nyumba zote zimeshapata watu. Utaingia orodha ya kungoja."

Aliingia, namba arobaini na moja. Nénette alikuwa amepata, ghorofa ya pili, lile lile darasa la dirisha refu. Aliposikia habari ya mwenzake alivua ufunguo kwenye kamba ya shingoni, akauweka mezani.

"Chukua. Mimi nimeshazoea matairi."

"Acha wazimu. Na wewe ulale wapi, kwenye kabati la chaki?"

"Naongea kweli, Fernande."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia uuvae tena."

Miaka miwili Fernande alikuwa mgeni wa Jumapili. Walioka maharage, walikula pai ya nyama, walibishana ni sista gani aliyekuwa na mkono mzito. Mto ulikuwa pale pale dirishani. Saa kumi na moja alivaa koti, na Nénette alimsindikiza mpaka mlango wa chini, na kila mara mmoja wao alisahau kitu ili warudi juu tena. Kisha dakika arobaini za misonobari. Renée alikuwa akimwekea chakula, hamuulizi alikuwa wapi. Namba ikawa thelathini, ikawa kumi na tisa, ikakaa kumi na moja miezi mitano, kisha, wengi walipochoka kungoja, ikafika moja.

Ilikuwa mwezi wa nne, theluji ikiyeyuka na kuwa matope, simu ya Maura ilipomkuta jikoni shuleni mikono imejaa unga. Kuna nyumba ghorofa ya tatu, upande wa maegesho, siyo wa mto. Anaitaka?

"Hata ingekuwa upande wa jalala," alisema, na wapishi wenzake wakamkumbatia, unga na vyote.

Mkwewe alileta gari la kubeba. Renée alipanga vyombo kabatini, akipanga tena vilivyokwisha kupangwa. Siku za kwanza Fernande aliacha mlango wazi kidogo ili asikie ngazi. Alisikia mama wa Angola akiwafokea wanawe, akasikia jirani wa ukuta wa pili, mzee Thivierge, akikohoa, akamsikia Nénette akimwita kutoka chini, "Wee, maji yamechemka!" Hata maneno yake yalipata wa kuyapokea, mchana alizungumza mpaka sauti ikakauka.

Jumatano ya wiki ya tatu, kama saa kumi na mbili jioni, Renée alipiga simu. Hakuwa na jambo. Aliuliza kama joto linatosha, kama ameshazoea jiko.

"Mama, juzi niliteremka chini na sahani yako. Nimefika mlangoni ndiyo nikakumbuka kwamba hupo."

Fernande alikaa kwenye kiti kipya.

"Mpo mezani?"

"Ndiyo, tunakula. Watoto wanagombana, kama kawaida."

"Basi usikate. Iweke simu mezani, karibu nao."

"Utasema nao?"

"Hapana. We iweke tu, mle."

Renée aliiweka. Fernande akainuka, akausukuma mlango wake ukafungika, sauti za ngazini zikabaki nje, akarudi kukaa na simu sikioni, akisikiliza vijiko.