Mama wa Simu

Binti yangu alipotua Doha alikuwa na miaka sita, na alinisalimu kama mtu anavyomsalimu mwalimu mkuu. Alisimama nyuma ya mama yangu pale uwanja wa ndege, ameshika pindo la leso yake, akasema, "Shikamoo." Nilipiga magoti nikafungua mikono. Alimtazama nyanyake kwanza. Mama akamsukuma taratibu mgongoni, akamwambia, "Nenda, ndiye huyu." Akaja, akaniegemea kidogo, kisha akarudi alikokuwa.

Nilikuwa nimemwacha Voi kabla hajaanza kuunganisha maneno. Babake alikuwa ameshaenda zake, na mimi nilipata kazi ya unesi katika hospitali moja ya Doha, wodi ya wazee. Nilirudi nyumbani likizo mara mbili, na mara zote mbili alipoanza kunizoea, likizo ikaisha. Mama yangu ndiye aliyemlea, kwa hiyo mama yangu ndiye aliyeitwa Mama. Mimi, sauti ya kwenye simu, niliitwa Mama wa Simu. Siku niliyolisikia jina hilo mara ya kwanza, nilikuwa nimekaa sebuleni kwetu pamoja na shangazi zangu, na wote walicheka. Nami nilicheka. Baadaye nilikwenda bafuni nikafungulia maji ili wasinisikie.

Safari ile ya Doha ilikuwa na jambo ambalo mtoto hakulijua. Mama angekaa mwezi mmoja kisha arudi Voi. Mtoto angebaki na mimi. Nilikuwa nimehama hosteli ya manesi kule Al Sadd nikakodisha vyumba viwili Muaither, katika jumba lililokatwakatwa kwa mbao nyembamba hata tukawa tunawasikia majirani wakikohoa. Nilinunua kitanda kidogo chenye shuka za vipepeo. Nilikuwa nimezungumza na shule. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu: anizoee.

Nilidhani matembezi yangenisaidia. Miaka yangu yote ya upweke nilikuwa nikiziangalia familia za Doha siku za Ijumaa. Bustani nyingi siku hiyo zilikuwa za familia tu. Wanaume waliokuja peke yao walirudishwa langoni, wakabaki ng'ambo ya barabara wakiwa wamevaa mashati yao mazuri. Sisi wanawake tulipita, lakini mimi na manesi wenzangu tulipokaa kwenye nyasi na vyakula vyetu, nilijihisi kama mtu aliyejipenyeza kwenye harusi asiyoalikwa. Nilikuwa nikiona bembea, au treni ndogo ya watoto, najiambia, huku nitamleta. Sasa alikuwa amekuja.

Tulianzia kando ya bahari, kwenye Korniche. Ilikuwa Desemba na upepo ulikuwa mzuri, ingawa Mama, mtu wa joto la Voi, alivaa sweta mbili na kulalamika njia nzima. Nilimnunulia mtoto puto na mahindi ya kuchemsha ndani ya kikombe. Alisema asante. Nilipomshika mkono aliuacha mkononi mwangu, haushiki wala hauvuti, mpaka nikaona aibu nikauachia.

Wiki iliyofuata nikawapeleka kwenye bustani ya wanyama. Huko nilitegemea afurahi, na kweli alifurahi kwa tumbili na kasuku. Lakini tulipofika kwa ndovu, Mama alisimama. Shambani kwetu ndovu ni adui. Utoto wangu wote nilimwona Mama akitoka na sufuria na mwiko kuwafukuza wasile mahindi, akiwatukana mpaka sauti inakauka. Sasa aliegemea uzio akamtazama ndovu yule aliyekuwa akiyumba pale pale aliposimama, kushoto, kulia, kushoto, juu ya sakafu ya saruji.

"Amefanya nini huyu?" Mama aliuliza.

"Hajafanya kitu, Mama. Ni wa kuangaliwa tu."

"Wenzake wako wapi?"

Sikujua. Mama akamwambia ndovu kwa Kitaita, kwa sauti ya chini, "Pole, ndugu yangu." Kisha binti yangu naye akasema, "Pole," akaanza kulia, na akauficha uso wake kwenye sweta za nyanyake. Tulirudi nyumbani mapema.

Siku zilikuwa zinayoyoma. Asubuhi moja nilikuta Mama amekaa kitandani, miguu ameinyoosha.

"Leo nendeni wawili," alisema. "Magoti yananiuma."

Magoti hayakuwa yakimuuma. Jioni iliyotangulia alikuwa ameosha sakafu yote kwa mikono, hataki mopu yangu. Tulitazamana, na nikaelewa kwamba ananiachia nafasi, na kwamba haimpendezi kuiacha.

Mtoto alivaa viatu polepole sana. "Mama haji?" aliuliza mara kadhaa. "Atakuja siku nyingine," nilisema.

Nilimpeleka kwenye jumba kubwa la maduka lenye uwanja wa barafu katikati, mahali watoto wanateleza kwa viatu vya vyuma huku watu wakinywa kahawa ghorofa ya juu na kuwaangalia. Nilikuwa nimeutunza uwanja huo kama zawadi ya mwisho. Mtoto wa Voi, barafu ataiona wapi? Nilimvalisha glavu. Nilimfunga viatu. Alipoweka mguu mmoja kwenye barafu, ukamkimbia, akaanguka kwa makalio. Hakuumia. Watoto wengine walikuwa wanaanguka na kucheka. Yeye alinyoosha mikono, nami nikainama nimnyanyue. Mikono yake ikanipita. Alikuwa anatafuta mtu nyuma yangu, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

"Nataka Mama," alisema.

"Mama niko hapa."

Alitikisa kichwa, kwa upole kabisa, kama anayemsahihisha mtu aliyekosea njia. "La. Mama."

Nilimtoa, nikamvua viatu, nikamkalisha kwenye benchi. Nilikwenda kurudisha viatu dirishani, hatua chache tu kutoka alipokaa, na kulikuwa na foleni. Nilipogeuka, benchi lilikuwa na msichana mwingine anayekula krispi za viazi.

Siwezi kueleza vizuri muda uliofuata. Nilipiga kelele jina lake ndani ya jumba lile la marumaru na hakuna aliyegeuka. Nilimshika mwanamke wa abaya begani bila kumuomba radhi. Alinisikiliza, akamwita mumewe, wakaanza kutafuta nami. Nilichungulia chini ya meza za watu. Hatimaye mfanyakazi wa usafi akanielekeza ofisi ya walinzi, mwisho wa korido.

Alikuwepo. Amekaa kwenye kiti cha magurudumu cha ofisini, mkononi ana boksi la juisi, macho yamevimba. Mlinzi aliyekuwa naye alikuwa Mkenya. Nilimjua kwa lafudhi kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Alikuwa mwanamume wa makamo, sare imempwaya. Nilitaka kumpita nimkumbatie mtoto, naye akasimama kati yetu.

"Pole, dada. Subiri kidogo. Huyu mtoto ni nani wako?"

"Ni mtoto wangu! Mimi ni mamake."

Aliinamisha kichwa. Hakutaka kusema alichopaswa kusema. "Dada, nimemwuliza. Anasema mamake yuko nyumbani, anaumwa magoti."

"Huyo ni nyanyake."

"Nikamwuliza, umekuja na nani? Akasema, na Mama wa Simu. Nilidhani ni duka la simu. Nimetuma mtu aulize maduka yote ya simu ghorofa hii."

Akamgeukia mtoto, akachuchumaa. "Mrembo, huyu ni mama?"

Binti yangu alinitazama. Najua alitaka kusema ukweli. Alikuwa amefundishwa hivyo. "Ni Mama wa Simu," alisema.

Mlinzi alisimama. Alikuwa na haya machoni, lakini hakusogea. "Dada yangu, usinichukulie vibaya. Mtoto akitoka hapa na mtu asiyekuwa wake, mimi ndiye nitakayeulizwa. Una kitu cha kuonyesha?"

Nilimwonyesha picha kwenye simu, na nyingi zilikuwa za mtoto na Mama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikipiga. Pasipoti yake ilikuwa nyumbani. Mwishowe nikampigia Mama, naye Mama akaja kwa teksi kutoka Muaither na pasipoti ameificha kifuani, ndani ya nguo. Mlango ulipofunguka, mtoto aliruka kutoka kitini. Alinipita. Nilihisi upepo wa gauni lake kwenye mkono wangu. Akamkumbatia Mama kiunoni, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu tufike kwenye barafu.

Mlinzi akageuza uso ukutani. Baadaye, tunatoka, aliniambia kwa sauti ya chini, "Wangu wako Bungoma. Mdogo anafikiri mimi ni mjomba." Tulipeana mikono.

Nyumbani mtoto alilala akiwa bado amevaa glavu. Mama akatengeneza chai, tukakaa jikoni.

"Atazoea," Mama alisema. "Watoto huzoea. Mimi nikiondoka atalia wiki moja, mbili, basi."

"Na wewe?"

Alizungusha kikombe. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia, na siku ile pia hakulia. "Mimi ni mtu mzima."

Nilifikiria zamu zangu, mtoto akirudi kutoka shule kwenye vyumba vile vya mbao na mwanamke wa kulipwa, akinisubiri mimi, mtu asiyemjua. "Rudi naye, Mama," nilisema. Hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakubisha, na kwamba mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Waliondoka pamoja. Niliuza kitanda kwa nesi Mfilipino, nikarudi hosteli.

Miaka ikapita. Bustani ile ya wanyama ikafungwa. Kule Lusail, mahali palipokuwa mchanga mtupu, mji mzima ulianza kuota. Nilipandishwa cheo. Kisha Mama akaanguka ghafla jikoni kwake asubuhi moja, na sikumkuta hai. Baada ya mazishi hapakuwa na mtu mwingine wa kubaki na binti yangu. Akaja Doha akiwa na miaka kumi na moja, na sanduku moja, mrefu karibu kama mimi.

Alikuwa mtoto mzuri, na bado ni hivyo. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Aliniita Mami, neno alilolichagua mwenyewe, akaliacha "Mama" likae lilikokuwa, kwa nyanyake. Siku za Ijumaa tulikwenda kwenye bustani kubwa yenye ziwa, tukatandika mkeka, tukala chapati, tukazungumza kuhusu shule. Ungetuona ungesema, familia ile pale. Lakini tulikuwa waangalifu mno, kama wageni wawili waliopangiwa chumba kimoja.

Ijumaa moja, bata wakipita mbele yetu, aliniuliza ghafla, "Ulipokuwa mdogo, alikuwa anakuchapa?"

"Nani?"

"Mama."

"Sana," nilisema. "Kwa mwiko. Siku moja nilimwaga maziwa ya jirani, akanikimbiza mpaka kwenye reli."

"Mimi hakunichapa hata siku moja."

"Najua. Nilikuwa nakuonea wivu."

Alicheka kidogo, na kicheko kikakatika. Akalaza kichwa juu ya magoti yake akaanza kulia, mara ya kwanza mbele yangu tangu mazishi. Nami nikalia. Tulikaa hivyo, kila mtu upande wake wa mkeka, tukimlilia mtu yule yule, na watoto wa watu wakitupitia na baiskeli zao.