Muuaji Hubadilika Kila Tukiitazama

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la kuweka muvi kwenye flashi, hapa Area D. Mbele yangu bibi mmoja alifungua fundo la kanga, akatoa flashi yake na kuomba muvi ya zamani ya upelelezi, ile isiyo na rangi.

"Shikamoo bibi. Nikuwekee iliyotafsiriwa na DJ kwa Kiswahili?" dada wa dukani aliuliza.

"Marahaba. Sitaki mtu wa kupiga kelele humo ndani. Mtafsiri ni mimi."

Akaeleza, huku akiizungusha pete yake, kwamba ujanani mumewe ndiye aliyemtafsiria muvi hizo, kwa kuwa yeye Kiingereza hakijui. Sasa mzee haoni tena. Bibi hutazama na kusimulia, mzee husikiliza.

"Lakini bibi, hii si nilikuwekea mwezi uliopita?"

"Wajukuu wameifuta, wameweka katuni."

"Na muuaji si mnamjua tayari?"

Bibi alicheka, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. "Kila tukiitazama nabadilisha muuaji. Juzi alikuwa daktari. Leo nitamsingizia mpishi."

"Na mzee hajakushtukia?"

"Alishanishtukia zamani, mwanangu. Muvi hiyo anaijua yote. Lakini ikikaribia mwisho hunishika mkono, ananiambia, 'Subiri kwanza, usimtaje.'"

Vijana husema ukishamjua muuaji, muvi haina utamu tena. Nawasamehe. Wengi wao bado hawajaoa.