Kibuyu Juu ya Mashine Yangu

Mimi ndiye wa kwanza Songea kumiliki mashine ya kuchonga chuma. Niliinunua kuukuu kwa fundi Mgiriki kule Kilwa, wapagazi wakaileta vipande vipande, nikaiunga mwenyewe. Cheti changu cha ufundi cha Tanga si pambo! Ilikosa tu chombo cha kupozea kisu chake kinapopata moto, basi nikaning'iniza juu yake kibuyu cha maji na mafuta ya nyonyo.

Majirani walipojaa uani, nikatamba: "Kwa maji haya, chuma cha Mjerumani kitalainika kama ugali!"

Nilisahau kwamba siku zile watu walinong'ona juu ya maji ya dawa yanayoyeyusha risasi, na aliyekutwa nayo alinyongwa. Askari wa boma aliyekuwa akipita akanisikia, akaingia na kunielekezea bunduki.

"Kumbe mganga wa maji ni wewe!"

Nikajitupa chini ya mashine. Kibuyu kikanimwagikia chote.

"Bwana askari, mganga gani anajificha hivyo?" mke wangu akasema, akakanyaga pedeli ya mashine. Chuma kilichofungwa humo kikachongeka, maganda yake yakamdondokea askari miguuni. Akashusha bunduki, akaangua kicheko.

Nami nikapaza sauti kutoka kule chini, mafuta yakinitiririka puani: "Mmeona? Cheti hakisemi uongo!"