Transista za Dada Koku

Juzi nilipita mbele ya kibanda cha fundi redio mjini Bukoba, nikasikia harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka. Nikasimama kama niliyeitwa kwa jina. Ndugu zangu, harufu hiyo kwangu ni dada yangu Kokugonza.

Tuliishi Buganguzi, kule Muleba. Koku alikuwa msichana mkubwa, ila ugonjwa wa seli mundu ulikuwa umemtoa shule. Siku ambazo maumivu yalimpa nafasi, aliketi barazani, kahawa imeanikwa miguuni pake, akifumua redio mbovu za majirani. Mimi, mtoto wa darasa la tatu, ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake wa pekee.

"Kemi, hizi mbili zina tofauti gani?" aliniuliza, transista mbili nyeusi, vipande vidogo vya redio vyenye miguu mitatu, zikiwa kiganjani.

"Hazina. Zinafanana."

"Sura tu. Hii ni NPN, inafunguka mguu wake wa besi ukipata umeme chanya kidogo. Hii ni PNP, yenyewe inataka hasi. Ukizikosea, redio inabaki bubu."

Kisha alitoa ya tatu, FET, akanikataza kugusa miguu yake. Hiyo, alisema, haili umeme kama wenzake. Ikionjeshwa volti tu inafunguka, lakini hata umeme wa vidole vyako unaweza kuiua. Nikikosea, alinirudisha mwanzo. Nilimwona mkali kuliko mwalimu wetu wa hesabu.

Siku moja redio ya Tata, baba yetu, ilinyamaza. Vidole vya Koku vilikuwa vimevimba, hakuweza kushika kitu. "Leo fundi ni wewe," akasema akiwa amelala mkekani. Nikapima kwa mita, nikaipata iliyokufa: PNP. Nikachagua PNP nyingine kutoka kwenye kopo lake, nikailehemu. Kwaya ikalipuka redioni! Tata akatoka migombani mbio, panga mkononi, na Koku akacheka hadi akashika mbavu.

Msimu uleule alipelekwa hospitali, akarudi ndani ya jeneza. Tangazo la msiba wake lilisomwa kwenye redio ileile. Mama akasema, "Izimeni." Hakuna aliyeinuka.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo Tata aliponiambia, "Koku alijua, mwanangu. Alimsikia daktari. Akatukataza tusikwambie."

Nikakumbuka nilivyokuwa nikimwomba aniache nikacheze, na jinsi kila mara alivyotafuta transista nyingine ya kunionyesha, ili nikae naye kidogo zaidi.