Matetea Wanne kwa Jogoo Mmoja

Mwanangu, nisamehe mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu alisema daftari langu limepitiwa na kuku. Nilipokosea herufi, soma tu kama ilivyopaswa kuwa. Naandika polepole, lakini mwenda pole hajikwai. Tena usicheke kwamba nakupa nasaha za wazee nami nina ndevu za kuhesabika. Wewe una wiki sita, na kwa mtu wa wiki sita mimi ni mzee wa kutosha.

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua hapa Kinyala, kabla mama yako Atupele hajawa mke wangu. Babu yako, mzee Ambakisye wa Suma, alikuwa ametuma neno kwamba hatapokea washenga wangu mpaka aje mwenyewe kuona ninafuga nini. Hakuulizia shamba wala bati la nyumba. Aliulizia kuku. Amefuga kuku tangu ujana wake, na husema anayeshindwa kumtunza kuku asipewe binti wa watu.

Nilifurahi sana. Mwaka mzima nilikuwa natafuta kundi la rangi moja, manyoya mekundu na miguu ya njano, kama kuku niliowaona kwenye simu. Mwanzoni niliwalisha pilipili nyekundu nikidhani manyoya yatafuata. Kuku hasikii ukali, mwanangu, yeye anameza tu. Manyoya hayakugeuka hata moja, ila viini vya mayai viligeuka vyekundu mpaka jirani yetu Mama Tumpe akaniuliza kama kuku wangu wameumia ndani. Ndipo nikajifunza kwamba rangi ya manyoya huja na damu ya jogoo na tetea, haiji na pumba. Nikawa nachagua wa kuzalisha, mwekundu anabaki, wa madoadoa anaenda mchuzini.

Miguu ndiyo iliyonisikiliza. Niliwapa mahindi ya njano, mchicha, na majani mabichi ambayo kwa mvua zetu hayakosekani, ikang'aa kama ndizi mbivu. Kisha, wiki chache kabla ya mgeni kufika, matetea wanne kati ya tisa wakaanza kupauka. Ulianza mdomo, ikafuata miguu, mpaka ikawa kama wamekanyaga majivu. Niliona aibu kama mimi ndiye niliyepauka. Nikawafunga, nikawapeleka kwa Mama Tumpe, aliyekuwa na jogoo mwekundu wa kutembea kama mwenyekiti wa kijiji. Nikamwomba tubadilishane.

“Wanne kwa mmoja?”

“Wanne, mama.”

“Basi mshike jogoo uende naye upesi. Akili yako ikirudi isinikute hapa mlangoni.”

Nilidhani ni utani wake wa kila siku.

Mzee Ambakisye alipofika, nilikuwa nimewamwagia kuku mahindi mbele ya nyumba ili wasimame pamoja. Walipendeza, sikufichi. Jogoo tu alikuwa na kamba, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mzee hakusifu. Alimshika tetea mmoja, akampapasa mifupa ya nyuma, pale yai linapopitia. Kidole kimoja tu kilipenya, na kwa kuku anayetaga hupenya viwili au vitatu.

“Huyu ametaga lini mara ya mwisho?”

Unajua mimi ni mwoga wa maneno. Nikasema, “Anapumzika, baba.”

Akamshika wa pili. “Na huyu?”

“Naye anapumzika.”

Alipofika wa tano akanitazama. “Kijana, hapa kwako wote wako likizo. Aliyebaki kazini ni nani?”

Kabla sijafungua mdomo, jibu likaja lenyewe likipiga kelele. Nilikuwa nimemwomba Mama Tumpe mayai ya kumkaangia mgeni, kwa sababu kwangu yalikuwa yamekatika. Alitokea na bakuli limejaa. “Mwanangu, mayai yako haya! Wale wanne uliowakataa hawana hata Jumapili!”

Mzee aliomba kisahani, akapasua yai moja. Kiini kilikuwa cha njano kama ua la boga.

“Ile njano ya miguuni uliyokuwa unaitafuta,” akasema, “ndiyo hii. Kuku huipata kwenye mahindi na majani, akaiweka miguuni. Akianza kutaga anaitoa miguuni anaitia kwenye yai. Wewe umefukuza waliokuwa wanakupa, ukabaki na waliojiwekea.”

Mama Tumpe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mzee yeye hakucheka. Alisema taratibu, “Binti yangu naye atapauka hapa kwako. Atazaa, atanyonyesha, atachuma chai kwenye baridi. Siku hiyo utambadilisha na jogoo?”

Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya siku ile. Yote yakapotea. Nikasema, “Hapana, baba. Nitaongeza chakula.”

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. “Hilo ni jibu la mfugaji. Waambie washenga wako waje.” Mama Tumpe nilimrudishia jogoo wake. Matetea hakunirudishia, alinipa mayai kumi ya kuatamiza na maneno mengi ya bure.

Sasa sikiliza, mwanangu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukimwona mtu amechakaa, usimcheke kabla hujauliza ametoa nini na amempa nani. Na ukigundua ni wewe uliyepewa, usiishie kusema asante, peleka chakula. Mama yako tangu akuzae amepungua, uso umemkwajuka. Kila asubuhi namchemshia mayai mawili. Akisema ameshiba, namkumbusha kwamba nilimwahidi baba yake.

Mungu akukuze. Akupe macho ya kuona kazi ya mtu kabla ya rangi yake, na mikono isiyochelewa kulisha. Siku ukijua kuandika, nijibu humu humu daftarini, kurasa za nyuma nimeziacha wazi. Kosea herufi upendavyo. Niambie tu kama mama yako amekula.