Nilikata Kicheko cha Mama wa Rafiki Yangu

Bwana Mhariri, jina langu lifiche kabisa, maana gazeti hili linafika hadi chuoni kwetu na wenzangu huligombania. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa ualimu huku milimani, upande wa Nyamira. Nina rafiki ambaye hapa nitamwita Ogeto. Vitanda vyetu vinapakana, na kwa mwaka mzima nimemwonea wivu mpaka nimejichoka mwenyewe.

Ogeto hanishindi masomo, na hilo ndilo linaloniuma. Wa kwanza darasani ni mimi, lakini akiingia yeye bwaloni kila mtu anamsogezea kiti. Mama yake alikuwa akija Jumapili kwa miguu na kikapu cha ndizi za kuchemsha, na wavulana wote wakimkimbilia. Mimi sijawahi kutembelewa na mtu.

Muhula uliopita Mwalimu wetu, mtu wa pwani, aliazima kamera ya sinema akasema tutengeneze sinema fupi yetu wenyewe. Hadithi niliitunga mimi: kijana mwenye maringo anakwenda kuposa. Kijana huyo nikawa mimi pia. Mama yake Ogeto aliombwa akae tu nyuma, asage wimbi kwenye jiwe.

Sehemu yangu kubwa ilikuwa ya kula ukweni. Kamera haikuweza kutuchukua sote, basi nikaamua kukaa bega kwa bega na mwanamke aliyeigiza mama mkwe, tukila sahani moja. Ogeto akanivuta kando.

"Ndugu, hapa kuna chinsoni, heshima ya ukwe. Mkwe na mama mkwe hawakaribiani hivyo, hata kwa mchezo. Wazee wakiiona watatoka."

"Wewe beba mizigo ya kamera," nikamjibu. "Mambo ya hadithi niachie mimi."

Ukanda wa sinema ulipelekwa Nairobi kuoshwa. Uliporudi, Mwalimu alisema sinema haijakamilika mpaka watazamaji waseme. Mimi na Mwalimu peke yetu tukaipeleka Kenyenya, tukaziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Kwa kuwa Mwalimu hajui Kikisii, kazi yangu ilikuwa kukaa kati ya watu, kuandika wanayosema, na kumtafsiria.

Nilipotokea nikila na mama mkwe, wazee walitazamana. Akina mama wakafunika nyuso. Mzee mmoja akasimama, akauliza, "Huyu kijana hana kwao?" akatoka, na wengine wakamfuata. Kisha mama yake Ogeto akainua uso kutoka kwenye jiwe, akayatazama maringo yangu, akacheka. Waliobaki waliangua kicheko mpaka benchi likapinduka. Dada mmoja akapaza sauti, "Mrudisheni yule omong'ina! Mrudisheni mama wa watu tumwone tena!"

Hadithi yangu, jasho langu, na sifa zote zinamwendea mwanamke aliyecheka mara moja tu!

"Haya, wamesemaje?" Mwalimu akaniuliza baadaye.

Nikajikausha. "Wamechoshwa na yule mama wa kusaga wimbi, Mwalimu. Wanasema anachelewesha hadithi."

"Mbona nilisikia kicheko?"

"Walimcheka kwa dharau."

"Na wale waliotoka?"

"Joto, Mwalimu."

Akashika mkasi, akakikata kile kipande, akanipa nikitupe. Sikukitupa. Nilikitia kwenye kopo la kakao chini ya kitanda, na mpaka leo sijui kwa nini. Tulipoionyesha sinema Sironga, watu walitoka tena, pale pale pa kula ukweni. Mwalimu alishangaa. "Nimewasikiliza watu, mbona imezidi kuwa mbaya?"

Mwezi uliopita mama yake Ogeto alishikwa na kichomi, na siku ya nne akafa. Ogeto aliporudi kutoka mazishini alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Mama yake hakuwahi kupigwa picha maishani mwake, isipokuwa ile. Mwalimu akamwambia kwa huruma, "Niliikata, mwanangu, kwa sababu ya maneno ya watu. Mwenzako ndiye aliyekwenda kuitupa."

Ogeto akaja kwangu. Hakunigombeza. "Uliitupa wapi? Nionyeshe tu."

Nilitaka kusema ukweli, lakini mdomo ulitoa mengine. "Kwenye shimo la taka, nyuma ya jiko."

Leo ni siku ya tano Ogeto anachimba shimo lile. Masomo yakiisha anavua shati, anashuka, anachekecha majivu na maganda ya ndizi kwa ungo. Mimi pia nachimba, wasomaji, na jembe nimeshika mkononi. Jana darasa zima lilikuja kumsaidia, na hata pale, nikiwa na matope hadi magotini, nilimwonea wivu. Niliwaza kwamba mimi nikipotelewa na kitu, hakuna atakayeshuka shimoni kwa ajili yangu. Ogeto akaniwekea mkono begani. "Usijilaumu, ndugu yangu. Wewe uliagizwa tu."

Wenzangu wakienda kunawa, mimi hufungua kopo na kuuinua ule ukanda kwenye mwanga wa dirisha. Yumo, mdogo kama punje ya wimbi, anainua uso, anacheka.

Nikiutoa, nitafukuzwa chuoni wiki chache kabla ya cheti, na Ogeto hatanitazama tena. Nimewaza kuutumbukiza shimoni niseme nimeuokota. Lakini najua atakachofanya. Atanikumbatia mbele ya watu wote, atanishukuru, na mimi shukrani hiyo sitaiweza.

Ninyi mnaosoma, nianze na nani, Mwalimu au Ogeto, na nimwambie neno gani la kwanza? Nijibuni upesi. Ameanza kuchimba upande wa pili.