Makofi ya Muleba

Mwaka wa pili sasa, habari za Bukoba zinasomwa redioni na mtu asiyejua kutamka Ijuganyondo, mtaa wa hapa hapa mjini. Jumamosi alasiri, chini ya kipaza sauti cha sokoni, watu humcheka kidogo kisha wanarudi kwenye ndizi zao. Hakuna anayetulia kama walivyotulia enzi za Muharami Ayubu. Wengine wanasema alifukuzwa kwa ulevi. Muharami, ambaye hajaonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, hata siku moja! Walioueneza uongo huo wanajua walichomfanyia.

Alizaliwa hapa mjini. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyetoka pwani, mama yake Mhaya wa Muleba. Alifundisha shule Kibeta miaka tisa, kisha kituo cha redio kikamchukua awe mwandishi wake wa huku kwetu. Walimpa mashine ya kunasia sauti, nzito kama mtoto wa miaka mitano, naye akaizungusha vijijini kwa baiskeli. Utepe ukijaa aliupeleka melini, uvuke hadi Mwanza, upande treni hadi Dar es Salaam. Ndani ya kila kasha alitia karatasi ya maelezo, maana wahariri hawakujua Kihaya wala desturi zetu: huyu anayelia ni bibi harusi, hana msiba.

Mwaka 1955 likatoka agizo kwamba migomba yenye wadudu ikatwe. Baraza likaitwa Muleba. Mkuu wa gombolola, mtawala wa eneo lile, alipowasili, watu walipiga magoti na kupiga makofi, kama wanavyompokea mkubwa yeyote. Kisha Bwana Shamba, Mzungu, akahutubia nusu saa. Alipomaliza, kimya. Ndipo akasimama Kokubanza, mjane, mama mkubwa wa Muharami.

"Waitu, bwana mkubwa, mume wangu nimemzika chini ya migomba hiyo. Ukishaikata, wajukuu watakula hotuba yako?"

Watu wakacheka kwa uchungu. Muharami akanasa yote. Kwenye karatasi akaandika: "Makofi ya mwanzo ni salamu kwa mkuu. Hotuba haikupigiwa makofi."

Wiki tatu baadaye redio ikatangaza. Sauti ya Muharami ikafungua taarifa, ikafuata hotuba, halafu makofi. Makofi yale yale ya salamu, yamekatwa kule mwanzo na kubandikwa mwisho! Kokubanza hakusikika hata kukohoa.

Jumatatu vibarua wakaingia na mapanga kwenye vibanja, mashamba yanayozunguka nyumba za watu. Mnyapara wao akawacheka waliolalamika: "Mnalia nini? Si mlishangilia wenyewe? Tumewasikia redioni!" Kwa Kokubanza walilaza migomba arobaini na mmoja, mpaka kaburini.

Muharami alipofika hakupewa buni za kutafuna, ambazo kwetu hata mgeni asiyejulikana hupewa.

"Umekuja kunasa nini tena?" Kokubanza akamwuliza. "Kilio? Kikifika huko kwenu kitakuwa kicheko."

"Mama, maneno yako niliyapeleka yote."

"Basi yasikike."

Hilo tu ndilo alilolitaka Muharami: dakika moja ya redio, kosa lirekebishwe. Aliandika barua nne. Ya nne ikajibiwa: makofi ni makofi, na wasikilizaji hawawezi kufundishwa desturi za kila kijiji. Aandae taarifa ya pili, jinsi wakulima wanavyofurahia matokeo, la sivyo arudishe mashine.

Kosa gani hilo? Karatasi yake ilikuwa mezani kwao. Waliisoma, ndiyo maana wakajua makofi yako wapi kwenye utepe.

Mashine akairudisha bomani siku hiyo hiyo, akapanda basi la Muleba na nakala ya karatasi mfukoni. Akaisoma mbele ya mama mkubwa na majirani, kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya. Kokubanza akasikiliza hadi neno la mwisho.

"Kwa hiyo redio haitasema?"

"Haitasema, mama. Na mimi sitaisemea tena."

"Na migomba arobaini na mmoja ataipanda nani? Mimi, na mgongo huu? Au utaipigia makofi iote?"

Majirani wakaangua kicheko. Muharami akavua koti.

Sasa ni mwaka 1957. Muharami Ayubu anaishi Muleba, kwenye kibanja cha Kokubanza, analima migomba na kahawa.